Nyumba ya Magurudumu

Harufu ya dizeli ikichanganyika na ya omena, dagaa wa ziwani, wa kukaanga hunirudisha ndani ya gari la baba, nitake nisitake. Baba alikuwa fundi wa magari mjini Migori. Alinunua gari kuukuu la kubebea mikate, akalitoboa madirisha, akapigilia vitanda vya mbao. Mama alishona mapazia, na likizo ya Agosti tukaondoka kwenda kwetu Gwassi kwa njia ya Karungu. Barabara ilikuwa mawe matupu. Gari lilipanda milima likikohoa, sufuria zikigongana, na kwenye kila mteremko ziwa lilijitokeza chini kabisa upande wa kushoto, nasi tukashikilia vitanda kwa hofu. Tulipika njiani, tukalala njiani, nikajiona mtoto wa tajiri. Sikujua kwamba baba alitengeneza vitanda vile kwa sababu nyumbani hakuwa na pa kulala.

Kwa desturi yetu Wajaluo, mdogo haanzishi boma lake kabla ya kaka yake mkubwa. Baba mkubwa aliishi Nairobi kwenye ghorofa, na nyumbani hakuwa amesimamisha hata nguzo. Kibanda cha ujana cha baba kilishaanguka, na mtu mwenye mke na watoto halali nyumba moja na wazazi wake. Basi tuliegesha nje ya lango la babu, kama wachuuzi waliokosa soko. Mama alitaka nyumba tu, hata ya matope, mradi iwe yake.

Siku ya pili baba mkubwa alifika kutoka hoteli aliyofikia mjini Homa Bay. Baba alimwomba kwa heshima ajenge chochote, hata chumba kimoja, ili naye apate njia. Akajitolea kumjengea kwa mikono yake mwenyewe. Baba mkubwa alizunguka gari, akachungulia vitanda vyetu, akacheka.

"Ndugu yangu, haraka ya nini? Wewe tayari uko na nyumba, tena iko na magurudumu."

Baba naye akacheka. Nilimchukia kwa kicheko kile kuliko nilivyomchukia kaka yake. Mama hakucheka.

"Na nikifa, shemeji," aliuliza, "mtanizika chini ya gari?"



Mwaka jana baba alifariki, akiwa bado anasubiri. Maiti ya mtu mzima hailetwi nyumbani pasipo na nyumba yake, hivyo baba mkubwa alikuja mbio kutoka Nairobi na mafundi. Asubuhi alisimamisha kibanda chake cha mabati, ambamo hajawahi kulala. Alasiri cha baba kilikuwa tayari, kimeezekwa, kina mlango na kufuli. Waombolezaji walimsifu baba mkubwa kwa moyo wake. Sasa mama anaishi humo, na lami imefika mbali kwenye ile njia yetu ya mawe. Watu huniambia nisamehe, yamepita. Ningeweza, kama ujenzi ule ungewachukua hata wiki. Lakini niliwatazama tangu nguzo ya kwanza hadi msumari wa mwisho, na jua lilikuwa halijazama.