Fundi Viatu Aliyeponzwa na Soli Yake Mwenyewe

Saa saba mchana, jua la utosi, fundi viatu anafunika meza yake kwa turubai, anavua kandambili na kufunga kamba za raba zake za mbio. Wenzake sokoni wanakaa kula. Yeye anaondoka mbio kufuata barabara ya reli.

"Fundi! Unakimbia, na kiatu changu je?" mteja mmoja anampigia kelele.

"Kesho!" anajibu bila kugeuka. Watu wanacheka. Mwandishi wa makala haya naye aliambiwa kesho, siku nne zilizopita.

Muda huo wa chakula ndio pekee alio nao. Asubuhi na jioni watu humletea viatu wakienda na kurudi kazini, na siku ikiwa nzuri hupata ya kula na ya kodi, basi. Wiki tatu kutoka sasa, fundi huyu wa miaka arobaini na saba anatarajia kukimbia kilomita arobaini na mbili kuichangia karakana ya kliniki inayotengeneza viatu vya watoto wenye mguu mmoja mfupi. Mashine ya karakana imekufa, na watoto sitini na watatu wanasubiri. Wateja wake wameahidi mchango kwa sharti moja: avuke mstari wa mwisho.

"Wananijua," anasema. "Bila sharti ningewaambia kesho."

Mpwa wake, binti wa dada yake, mwenye miaka kumi na mmoja, alizaliwa na mguu wa kulia mfupi. Zamani fundi akimpeleka shule alisimama kila kona kumsubiri. Kisha akaenda karakana ile kujifunza kumwongezea soli, na mtoto akaanza kutembea wima.

Mwezi uliopita goti la fundi lilianza kuuma, likavimba. Muuguzi akamwamuru apumzike wiki mbili. Akapumzika, akarudi barabarani, na kilomita ya nne hakufika.

"Nilikufa moyo," anakiri. "Niliona haya hata kuwatazama wateja. Nikamwambia dada, kesho nenda karakana ukawaambie nimeshindwa."

Jioni hiyo alikuwa akizunguka uani, raba miguuni, hajui la kufanya. Mpwa wake alikuwa amekaa mlangoni anamtazama.

"Mjomba, mbona unatembea kama mimi zamani?"

"Kama wewe vipi?"

"Umeinama upande mmoja. Hebu vua viatu."

Binti aliviweka mezani, kisigino kwa kisigino. Soli ya kushoto ilizidi ya kulia kwa unene wa penseli.

Kumbe soli ya kushoto ilikuwa imelika mapema, na fundi, badala ya kununua raba nyingine kama watu wengine, aliibandua akabandika kipande cha tairi. Alipima kwa jicho.

"Viatu vya mpwa wangu napima kwa rula mara tatu," anasema akishika kichwa. "Vyangu nikaona, aah, ni vyangu tu!"

Dada yake mpaka leo hana mbavu. "Fundi mzima! Angefanyiwa yeye, si angedai pesa yake?"

Sasa soli zote mbili zimebadilishwa, binti akisimamia na rula yake. Goti limetulia, lakini mazoezi ya mwezi mzima yamepotea. Umbali mrefu zaidi aliowahi kumaliza ni kilomita ishirini na nne, na mstari wa mwisho utafungwa zikitimia saa saba tangu filimbi ya kuanza. Anaogopa, na hafichi.

"Nikishindwa kukimbia nitatembea. Lakini kufika, nitafika."

Mezani, katikati ya viatu vya watu, kuna jozi ndogo ya raba, ya kulia ina soli nene. Kwa kazi hiyo tu hakuna aliyeambiwa kesho. Mpwa ameomba wamalize pamoja kilomita ya mwisho, na waandaaji wamekubali.

"Atanisubiri kwenye kona," fundi anasema, akiipima tena soli ile kwa rula. "Miaka yote nilimsubiri mimi. Hata nikichelewa vipi, najua hataondoka."