Jiwe la Baba Mudogo

Wiki iliyopita nilishuka mujini Mbarara na pete ya mujukuu wangu, nimeifunga kwenye pindo la kitenge. Kijana mumoja wa upande wa Misiera, hapa kambini, ndiye alimupa, akamwambia ni diamanti, almasi yenyewe. Sikumuamini. Siku hizi hapa kambi ya Nakivale kila kitu ni diamanti. Msichana akipendeza, vijana wanamuita diamondi. Wakicheza karata, ile karo nyekundu nayo diamondi. Sista akitimiza miaka sitini ya viapo, parokia inatangaza yubile ya diamanti. Neno likipita katika vinywa vingi namna hiyo, rafiki yangu, mimi nashika mufuko wangu.

Kule mujini, mtaa wa Nyamityobora, kuna fundi wa pete. Niliiweka mezani pake nikaomba nyundo.

"Nyundo ya nini, jaja?" Ndivyo huku wanavyoita bibi.

"Niipige. Diamanti ya kweli haivunjiki."

Akainyakua pete haraka, akacheka. "Jaja, nani alikudanganya? Hii kitu inakwaruza glasi, lakini ukipiga nyundo inapasuka tu. Ya kweli inapasuka, ya uongo inapasuka."

Naye sikumuamini. Nikatembea mpaka mtaa wa Ruti kuuliza fundi mwingine. Akasema vilevile. Basi nikatafuta fasi ya kukaa.

Kwetu ilikuwa Kongo, milimani, Kivu ya Kusini. Kiwanja chetu kilinuka muhogo uliolowekwa, na tangu asubuhi ungesikia kinu cha sombe, majani ya muhogo, twa, twa, twa. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku kwenye muhogo ulioanikwa. Bibi yangu ndiye alishika nyumba, na hakuamini mutu. Maziwa ya jirani aliyanusa kwanza. Mugeni akila, bibi alikuwa anamutazama mikono. Mimi nimetoka kwake, sikatai.

Baba mudogo, mutoto wake wa mwisho, alikwenda Kasai kuchimba diamanti. Alirudi amekonda, anakohoa, na jiwe moja limeshonwa ndani ya upindo wa suruali. Lilikuwa kama punje ya hindi, rangi ya maji ya sabuni. Alitaka kumuoa binti ya katekista, na katekista alikuwa amesema: jiwe likiwa la kweli, binti ni wako.

Watu wakajaa kiwanjani. Bibi akaligeuza jiwe, akalilamba, akaliweka juu ya jiwe la kusagia. Wakati ule kila mutu alijua namna ya kupima kwa nyundo, hata wachimbaji wenyewe walipima hivyo. Baba mudogo akaingia nyumbani, akaleta nyundo, akamupa mama yake mukononi.

"Piga, mama. Piga na nguvu, baone."

Bibi akapiga. Likawa kama chumvi.

Halafu katekista akachukua kofia yake. "Umetoka Kasai mpaka hapa kutuletea chupa?" Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baba mudogo alikuwa amepiga magoti, analowesha kidole kwa mate na kuokota zile chembe moja moja, na kuku wanamuzunguka wakidhani ni mahindi. Bibi akaniambia nifagie. Nikafagia mbele ya magoti yake.

Baba mudogo aliondoka siku ileile, sombe haijaiva. Binti alipewa mwanaume mwingine. Yeye hatukumuona tena, wala habari yake hatukuisikia.

Lakini nyumbani alibaki kwa namna moja. Mutoto akidanganya, tulimwambia: "Usituletee ya baba mudogo." Nilikimbia vita bila sufuria, bila hata kiatu, lakini maneno hayo nilivuka nayo mupaka. Niliwalea nayo watoto wangu, na wajukuu wanayasema hapa kambini, wanachekeana nayo njiani kwenda kuchota maji.

Pete nimeirudisha nzima. Kijana bado namutazama mikono. Na wajukuu nimewakataza kusema yale maneno, bila kuwaeleza sababu, maana ningeanzia wapi? Mutu mwongo haleti nyundo mwenyewe. Nilikuwa pale, niliona mukono wake ukiitoa ile nyundo, na katika miaka hii yote sikuwahi kujiuliza.

Kiwanja kile sasa wanalima watu nisiowajua. Bibi alikwisha kufa, katekista pia. Wote waliocheka siku ile wamekwisha. Nimebaki mimi, na mimi nilicheka.