Kisu Changu cha Dhahabu Pale Ngokolo

Bora niseme mwenyewe, maana wakwe zangu wakianza kusimulia wataongeza chumvi: siku ya posa ya mwanangu nilidhalilika mbele ya watu kwa kisu nilichokitengeneza kwa mikono yangu.

Mimi darasa la nne sikumaliza, lakini leo nina karakana Katoro na visu vyangu vya kukunja vinatembea mpaka Nyasubi. Mpini wa kila kisu ni vibapa viwili vya chuma, na kimoja nakichana nusu kiwe kama springi. Ukifungua kisu, ile springi inaruka inakaa nyuma ya makali, hayarudi mpaka uisukume kwa dole gumba. Hiyo ndiyo loki. Ikiteleza, makali yanajikunja juu ya vidole vyako vinne.

Sasa mchimbaji mmoja aliniletea kisu cha ng'ambo nikinoe, mpini wa titani, madini ya kizungu, mwepesi kama bati, na kwenye ncha ya loki wamepachika kipande cha chuma kigumu kwa sababu titani peke yake inalika kwa kusuguana. Mtu mwenye akili angejifunza. Mimi nikasema hao wameweka chuma, mimi mtu wa Geita naweka dhahabu! Nikaanza kutengeneza kisu cha kumzawadia mkwe siku ya posa, ncha ya loki nikaipachika dhahabu.

"Baba, dhahabu laini, itabonyea," akasema mwanangu Masanja, bwana harusi mwenyewe.

"Nani kamfundisha mwenzake kazi hapa?"

(Kilipokwisha nilikigonga mgongoni mara mbili pale karakana, Masanja akiona, mara ya pili loki ikateleza. Nikaikaza, nikajiambia itazoea.)

Basi tukaenda Ngokolo kwa Mzee Lugata, baba wa binti, mchinjaji wa miaka mingi, mtu asiyecheka ovyo. Salamu zikaisha, mazungumzo yakawa yanakwenda vizuri kabisa, mshenga wetu ananikonyeza ninyamaze, na mimi nikaona huu ndio wakati wa kutoa zawadi.

"Mzee, hii loki hata ng'ombe akiikanyaga hairudi!"

Akakipokea, akakigeuza kwenye mwanga, akagusa ile dhahabu kwa ukucha. Kisha akanirudishia kikiwa wazi.

"Kishike sawasawa, Baba Masanja. Vidole vyote. Mama, niletee mchi."

Jamani! Nimekishika, vidole vinne viko njiani, mzee anapima mchi juu ya mgongo wa kisu, ukumbi mzima umenikazia macho, jasho linanitiririka mpaka kwenye mkanda, na mimi ndiye pekee (mimi na Masanja) ninayejua ile mara ya pili.

Akagonga mara ya kwanza. Loki ikashika.

"Si nilisema?" nikasema.

Akainua tena mchi, na ulipoanza kushuka mimi nikaachia vidole, nikakibana kisu kwa ncha za vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. Tap! Makali yakajikunja yakalala pale pale vidole vyangu vilipokuwa.

Hakuna aliyecheka mwanzoni, na hiyo ndiyo iliniua.

"Kumbe ulijua," akasema Mzee Lugata taratibu. "Ulijua, na ulikuwa unanipa mimi nikachinjie."

Halafu shangazi mmoja akapasuka, "Yaani mkwe karuka kabla ya kisu!" na nyumba nzima ikaangua kicheko. Mzee akamgeukia Masanja: "Na wewe ulijua?"

"Nilimwambia, baba. Hakunisikia."

"Basi wewe tutaongea. Baba yako arudi na kisu cha kweli."

Tukarudi Katoro bila jibu la posa.

Wiki mbili nilichonga kisu kipya kwa springi ya gari, bila nakshi, bila kung'aa. Nikarudi Ngokolo, nikakishika mwenyewe vidole vyote, nikafumba macho, mzee akagonga mara kumi. Vidole hivyo vinne ndivyo ninavyoshikia kalamu hii, na Masanja ameoa. Tangu hapo kisu hakitoki karakana yangu kabla sijakigonga nikiwa nimekishika kwa vidole vyangu mwenyewe, na kusifia nimewaachia wanaonunua.