Mhudumu wa Treni ya Sumaku

“Mjomba, kama treni inajiendesha yenyewe, wewe humu unafanya nini?” Nilikuwa darasa la kwanza nilipomuuliza hivyo, na mama akanifinya. Mhudumu alicheka tu, akaendelea na mambo yake. Kila kituo alinyoosha kidole chenye glavu nyeupe, akaonyesha mlango mmoja mmoja na kusema kwa sauti, “Umefungwa, salama!” hata tukiwa mimi na mama tu behewani. Treni ile ya sumaku ilielea juu ya reli kutoka uwanja wa ndege wa Incheon hadi pwani yetu, bure, bila kutikisika. Bibi Bong-rye, mchuuzi wa pwani yetu, alipopanda na ndoo yake ya kome, mhudumu alimtandikia gazeti chini. “Tandika vizuri, kijana, kome wangu hawajawahi kufika uwanja wa ndege!” bibi alimwambia. Mhudumu, na mvi zake zote, aliiinamia ile ndoo: “Karibuni, wageni.”

Abiria walizidi kupungua, mpaka wakubwa wakaisimamisha treni. Walisema ni kwa muda. Mimi nimefika sekondari na bado imesimama. Juzi nilimkuta yule mhudumu kwenye basi lililochukua nafasi ya treni, naye ni abiria kama mimi, mikono haina glavu. Milango ilipofungwa, kidole chake kiliinuka chenyewe, akakificha mfukoni. Nikamkumbusha swali langu. Aliitazama reli kupitia dirisha mpaka tukaipita.

“Kazi yangu, binti, ilikuwa kuhakikisha treni haiendi tupu,” alisema. “Kumbe mtu mmoja hatoshi.”