Mdogo Wangu Aliyesifiwa kwa Kuchutama

Kutoka sokoni Ngamiani mpaka kwetu ni hapo tu, lakini mdogo wangu njiani keshachutama mara kadhaa. Anachutama, magoti kifuani, anatulia, kisha anainuka tunakwenda. Akikutana na mtu mzima, huyo, chini: "Shikamoo." Na haraka ya kuinuka hana. Watu wakampenda. Mimi nasalimia huku napita, nikaonekana sina adabu. Mama na ile sauti yake ya kukwaruza, kama mtu anakuna nazi: "Tazama mwenzio. Wewe nani alikufunza kusimama kama mlingoti?"

Ndipo akaja mwanamke mmoja wa Moa kumposea mwanawe. Anasema puani, taratibu, kila neno analitafuna kwanza. "Miye sitaki mzuuri. Nataka mwenye adabu. Huyu kanisalimu, hata nikamwambia, mwanangu, inuka, umechoka." Posa ikapokewa. Kanga zikanunuliwa, zikatiwa sandukuni.

Harusi ikiwa karibu, mdogo wangu akazimia kisimani. Mama akataka neno moja tu la daktari: aolewe au asiolewe. Kabla hatujaenda akampaka hina mikono yote, maana kucha zake zilikuwa za rangi ya zambarau, na ncha za vidole nene kama vijiti vya ngoma. "Asiende kwa watu kama yatima," akasema.

Daktari mzungu, Kiswahili chake cha kuamrishia wapishi. "Toa hii nyekundu."

"Haitoki, bwana. Hina hiyo."

"Basi toa ulimi." Akautazama, akanigeukia mimi. "Yeye nakula zambarau?"

Nikamwambia msimu bado.

Akamsikiliza kifua kwa mpira wake, muda mrefu. Kisha akamwambia atembee ukumbini, aende, arudi. Aliporudi akachutama.

"Kwa nini nakaa hivi?"

Mama akajibu kwa fahari, "Adabu tu, bwana daktari. Ndivyo tulivyomlea."

"Hapana adabu, mama. Hii moyo."

Akatueleza. Moyo una tundu tangu tumboni mwa mama, na njia ya kwenda mapafuni ni nyembamba, damu haipati hewa. Ugonjwa wenyewe yeye kauona mara chache. Akichutama anapata nafuu, mwili umejifunza wenyewe. Ulaya wameanza kuupasua moyo wa namna hii, huku hakuna. Asibebe maji. Anywe maji mengi. Akizidiwa tumkunje, magoti yaguse kifua. "Na mtoto, hapana. Yeye napata mimba, nakufa."

Tukarudi kwa miguu. Mimi nilikuwa natazama miguu yangu inavyokwenda, kama ya mtu mwingine. Nyumbani mdogo wangu akamshika Mama kanga.

"Mama, usimwambie yule wa Moa. Nataka kuolewa."

Mama akaendelea kuchambua mchicha.

Mwanamke wa Moa akaja na kifurushi cha halua. Mama akamkaribisha mkekani, akamwambia hapo hapo. "Mwanangu haolewi. Moyo wake una tundu. Akizaa atakufa."

"Na ile adabu?"

"Ndiyo maradhi yenyewe."

Mgeni akatafuna hilo, akatafuna. Macho yakanijia mimi, mlangoni. "Na huyu je?"

"Huyu hachutami," Mama akasema.

Akaondoka. Halua akaiacha.

Mdogo wangu alikuwa chumbani, kasikia yote. Nilidhani atalia. Hakulia, na mimi sikulia, sijui kwa nini. Akafungua sanduku, akavaa jozi moja ya zile kanga, akatoka kupepeta mchele. Nikamwambia, "Bibi harusi wa ungo." Akacheka kidogo, pumzi ikamkatika, nikampokea ungo. Tangu siku hiyo maji nikawa nachota mimi. Akizidiwa namkunja kama nilivyoambiwa, nakaa naye mpaka midomo irudi rangi yake.

Akawa kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi anavaa jozi mpya, anakaa barazani, wapita njia wanamuuliza ana shughuli gani. "Sina," anasema.

Alikufa mwaka wa pili, mchana, mimi nikiwa kisimani. Sandukuni zilibaki jozi chache, bado ngumu kwa gundi ya dukani. Nikazifua, nikazianika, jioni nikazianua.