Damu ya Siku ya Homa

Byaruhanga wa kijiji cha Bugene alikuwa na kichwa kigumu, na Kokuhirwa, mkewe aliyeishi naye miaka arobaini, ndiye aliyekijua kuliko wote. Mzee alishakula chumvi nyingi, lakini aliapa kwamba machela ni ya maiti. Yeye zahanati atakwenda kwa miguu yake.

Mwaka 1952 homa ilimshika siku tano, ikamwachia wiki nzima, ikarudi. Siku za homa hakuweza hata kukaa kitako. Siku za nafuu anajipaka samli, anachukua fimbo, huyoo, zahanati! Protase, mpima damu, alimtoboa kidole, akainamia hadubini, akatikisa kichwa. Damu safi. Mara ya pili, vilevile.

"Basi ni uzee," Byaruhanga akasema. Akachomeka kijiti kando ya zizi, mahali pa kaburi lake, akaanza kugawa ng'ombe. Kokuhirwa alilia kwanza, kisha akakasirika. Uzee gani huu unaokwenda likizo wiki nzima?

Akaenda zahanati peke yake.

"Shikamoo, mama," Protase akamwamkia.

"Marahaba. Mwanangu, unampima mzee siku akiwa mzima! Utaona nini?"

Protase akashika kichwa. Kumbe hakuwahi kuuliza homa inakuja siku zipi! Akampa sindano na vipande viwili vya kioo, akamwonyesha: toboa, dondosha, tandaza, anika.

Homa iliporudi, Kokuhirwa akatoboa.

"Unaniua, mwanamke!"

"Nyamaza. Ningetaka kukuua, ningekuwa nimeshamaliza zamani."

Kioo kilipokauka, alikifunga kwenye jani kavu la mgomba, akakipeleka.

"Mama, njoo uone!" Protase akaita. Kwenye hadubini vijidudu vilikuwa vimejipindapinda kama nyuzi. Homa ya papasi, wale kupe wanaojificha kwenye sakafu ya udongo.

Protase mwenyewe alimfuata mzee nyumbani na dawa ya sindano. Baada ya siku chache Byaruhanga akaketi, akaomba maziwa.

"Kwa hiyo si uzee?"

"Uzee hauonekani kwenye kioo, mzee," Protase akamjibu.

Tangu hapo, mzee yeyote wa jirani akiungua homa, watu walimwita Kokuhirwa aje na vioo vyake. Alikwenda kwa furaha, na kwa majivuno kidogo, tusifiche.

Na kile kijiti cha kaburi, Kokuhirwa aliking'oa siku ileile mzee alipoomba maziwa. Akalima pale kando ya zizi, akapanda maharage. Byaruhanga aliyala miaka saba, na kila mara akalalamika kwamba chumvi haitoshi.