Aliyepika Hakula

Juzi mjukuu wangu, anayesomea uuguzi hapa Uvira, alikaa barazani akikariri somo lake kwa sauti. Binadamu hukosea kwa sababu ya haraka, akasema. Kwa sababu ya uchovu, ya woga, ya kutojua. Mimi nilikuwa nachambua mboga za lengalenga, nikacheka peke yangu mpaka akanitazama vibaya. Nawe unayenisoma, nivumilie. Somo hilo mimi nililipata Makobola, ndio kwanza nang'oka meno ya mbele, na halikuwa la kukariri.

Nikueleze Makobola ya miaka ile michache baada ya uhuru, maana ilikuwa tamu. Ndakala, dagaa wa ziwani, zilianikwa mchangani asubuhi, na kazi yetu watoto ilikuwa kuwafukuza kunguru na kuiba kidogo. Mchana mitwangio ilisikika nyumba kwa nyumba. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kijito, na kila mama alikuwa na kidimbwi chake cha kuloweka muhogo mchungu. Muhogo ule una sumu. Unauacha majini mpaka ubonyee kwa kidole na kutoa harufu ya uchachu, kisha unauanika mpaka ukauke kabisa. Nyanya yangu, mama yake baba, ndiye aliyeaminiwa na wote kwa jambo hilo. Majirani walimletea mihogo yao ainuse. Alijivunia pua yake kama wengine wanavyojivunia mume.

Tulikaa naye mimi na mdogo wangu wa kiume, kwa kuwa baba na mama walikuwa wamevuka ziwa kutafuta kazi Burundi. Mdogo wangu alikuwa mlafi, Mungu amrehemu. Alilamba sufuria mpaka kichwa kikazama ndani. Alikuwapo pia Mama Mdogo, mke wa baba mdogo, aliyetoka juu milimani, Bijombo, kwa watu wa ng'ombe. Baba mdogo alikuwa akipandisha ndakala huko na kushuka na siagi, na safari moja akashuka na bibi arusi. Alikuwa na sauti nyembamba ya nyimbo za kanisa, na alinisuka nywele bila kunivuta. Nilimpenda sana. Nyanya alimwita mtoto wa maziwa, na haikuwa sifa.

Uasi dhidi ya serikali ulipofika, baba mdogo aliufuata na vijana wenzake, akamwachia mkewe mtoto wa kunyonya. Siku moja bunduki zikaanza kulia upande wa Uvira, ikasemekana askari wa serikali wanakuja kwa barabara ya Fizi. Watu wakafunga mizigo wakimbilie mashamba ya mlimani. Nyanya alikwenda mbio kijitoni kutoa mihogo yake, ambayo ilikuwa imeingia majini jana yake tu. Mama Mdogo, mtoto mgongoni, akabonyeza mmoja.

"Mama, hii iko bado nguvu," akasema polepole.

"Weye mutoto wa maziwa, unajua nini ya muhogo? Beba, tuende."

Akabeba. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, miguu majini.

Kwenye kibanda cha shamba tulijificha pamoja na jirani yetu mmoja mzee. Mihogo ilianikwa juu ya jiwe, lakini mawingu yalikuwa mengi. Sisi watoto tulilia njaa, na jirani akanung'unika kwamba tutawaleta askari. Nyanya akaamuru mihogo itwangwe. Mama Mdogo akasema haijakauka, akaambiwa atwange. Akatwanga, akasonga bugali, tukapewa sisi watoto kwanza ili tunyamaze. Kwetu mke wa mtoto wa nyumba hula mwisho, wote wakishashiba, anachokikuta. Ndivyo Nyanya alivyomfundisha tangu siku aliyofika.

Bugali ulikuwa mchungu, mimi nikautema. Mdogo wangu hakutema kitu maishani mwake. Wakubwa walikuwa bado wananawa alipojishika kichwa, akatapika, miguu ikamlegea. Jua halijazama alikuwa amekufa mapajani mwa Nyanya.

Watu wa vibanda vya jirani wakaja. Yule mzee akaangalia sahani ya Mama Mdogo, kavu bado.

"Mwenye alipika hakukula," akasema. "Juu ya nini hakukula?"

Wote pale, hata yeye ambaye hakuwa amemega tonge, walijua mke anakula saa ngapi. Hata mimi nilijua. Mama Mdogo akamgeukia Nyanya.

"Mama, weye mwenyewe unajua."

Nyanya alitazama sufuria, akatazama mihogo iliyobaki juu ya jiwe. Nakuambia alijua. Kisha akasema, "Mumuulize yeye."

"Nyanya njo alitoa mihogo!" nikapiga kelele. Mzee akanichapa kofi la mdomo, akasema sumu iko inanisemesha.

Wakamfungua mtoto mgongoni, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo. Nguo ya Mama Mdogo kifuani ilikuwa imelowa maziwa. Alipanda njia ya Bijombo huku mawe yakimfuata, na huko juu bunduki zilikuwa zikilia pia. Baadaye niliwauliza sana watu waliokuwa wakishusha siagi. Hakuna aliyemwona akifika.

Baba mdogo alirudi vita vilipotulia, akaambiwa, akalia, akaoa mwingine. Nyanya aliishi miaka mingi, akatulea mimi na yule mtoto. Tangu siku ile aliacha mihogo majini mpaka ikanuka nyumba nzima, na majirani walipita wameziba pua, wakimtania kwamba anapika maiti. Tulikula bugali ule hivyo hivyo. Nilimpenda, maana alinilea, na namchukia mpaka leo. Haraka ilikuwapo siku ile, na woga, na njaa. Hayo namsamehe. Lakini jioni ile hakuna aliyemkimbiza alipotakiwa kusema neno moja.

Kijito kile kimefukiwa na mchanga sasa. Mitwangio haisikiki, kuna mashine ya kusaga, na waliokuwapo kibandani wamekufa wote isipokuwa mimi na yule mtoto wa kunyonya. Yeye ni mzee wa kanisa, anakaa mtaa wa Songo, hapa hapa Uvira. Mwaka jana kijana wake alimleta nyumbani msichana wa Bijombo, wanataka kuoana. Ndugu yangu akakataa, akasema watu wa kule wanalisha watu sumu. Basi nikamwita kando nikamweleza yote, tangu kijitoni.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, kama Nyanya njo aliua," akasema, "minye nililelewa na nani?"

Akarudi sebuleni akamwambia msichana aende kwao. Asali ya chupa aliyoileta msichana ikamwagiwa mbwa, na mbwa akailamba yote akalala vizuri. Nilimsindikiza yule binti mpaka magari yanapopakia. Hakulia. Alipokwisha kupanda aliinama dirishani, akanishika mkono.

"Nyanya," akaniuliza, "nilikosea nini?"

Gari likaondoka nikiwa bado natafuta pa kuanzia.